Kabla ya kununua ploti Mombasa, panga chumba huko kwanza

Tangazo hukupata jioni, umechoka na umeshakula. Tuseme ni hili: bedsita nane, Kisauni, Mombasa, vyote vina watu, kodi 7,000 kila chumba, maji yapo, bei milioni 7, mwenyewe anauza haraka. Unapiga hesabu papo hapo. Nane mara 7,000 ni 56,000 kwa mwezi, yaani 672,000 kwa mwaka. Hiyo ni asilimia 9.6 ya bei, na bado kuna mtu amekuambia ardhi ya Pwani haishuki bei. Wewe uko Nakuru au Kitengela. Mombasa umeenda mara tatu maishani, na mara mbili kati ya hizo ulikuwa na taulo la kuogelea begani.

Mimi nimesomea uuzaji chuo kikuu, na kama kuna kitu tulifundishwa ni kwamba kila neno katika tangazo limechaguliwa na mtu. "Vyote vina watu" haisemi kwamba wanalipa. "Maji yapo" haisemi ni maji gani. "Dakika tano kutoka barabarani" haisemi ni dakika ngapi Mei, mvua ikishika. Aliyeandika hajadanganya. Ameyaacha tu yale ambayo mkazi wa mtaa ule anayajua bila kuuliza, na mgeni hawezi hata kuyaulizia kwa sababu hajui kama yapo.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, na najua kuna watakaoyaona ya kitoto: kama hujawahi kuishi mji fulani, usinunue nyumba za kodi huko mpaka kwanza uwe mpangaji huko. Sisemi kwenda wikendi moja ukazungushwa na dalali kwa gari lake. Nasema upange chumba, mtaa ule ule na kodi ile ile, miezi mitatu. Kama kazi hairuhusu, aende mtu mnayeaminiana ambaye pesa zake nazo zimo ndani. Chumba cha 7,000 kwa miezi mitatu ni 21,000. Ukilinganisha na milioni 7, hiyo ni asilimia 0.3. Watu hulipa zaidi ya hapo kupaka rangi geti.

Turudi kwenye ile hesabu ya 672,000, kwa sababu ndiyo inayouza ploti nyingi.

Ukiwa mbali utahitaji keateka. Mara nyingi keateka hukaa bure katika chumba kimoja, kwa hivyo umebaki na saba. Chumba kimoja, ukichukua mwaka mzima, kitakuwa tupu: huyu amehama, yule anatafutwa, kingine kinapakwa rangi. Umebaki na sita. Sita mara 7,000 mara miezi 12 ni 504,000. Toa ushuru wa mapato ya kodi, ambao tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi yote uliyopokea, bila kutoa gharama yoyote kwanza. Hiyo ni 37,800. Toa ajenti wa kukusanya na kusimamia, tuseme asilimia 10, ambayo ni 50,400. Keateka mpe 6,000 kwa mwezi juu ya kile chumba, 72,000 kwa mwaka. Marekebisho, taa za nje, kuvuta choo: weka 7,000 kwa mwezi, 84,000. Kinachobaki ni 259,800.

Hiyo ni asilimia 3.7 ya milioni 7. Na kabla hujaonja hata shilingi ya kwanza ulishalipa ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4 ya thamani, yaani 280,000. Faida yako ya mwaka wa kwanza haitoshi kuulipa. Bado wakili, bado mthamini, bado ada za kaunti.

Viwango vyangu vya ajenti na keateka ni vya mfano, unaweza kuvibadilisha. Lakini angalia kitu kimoja. Chumba cha keateka 84,000, posho yake 72,000, ajenti 50,400: jumla 206,400. Mtu anayeishi mtaa wa pili kutoka kwa ploti hiyo hiyo hahitaji kulipa sehemu kubwa ya hizo. Anapita mwenyewe Jumamosi na kandambili. Kwa hivyo mkishindania ploti moja, wewe na yeye, anaweza kutoa bei ya juu kuliko wewe na bado apate faida zaidi yako. Ukiona wenyeji wameiachia, na wewe wa mbali ndiye unayeambiwa ni bahati yako, jiulize wao wameona nini.

Na mara nyingi walichokiona ni maji.

Sisi watu wa bara tukisikia "maji yapo" tunawaza bomba. Mombasa swali la kwanza ni kama ni maji matamu au maji ya chumvi. Visima vingi vya mjini vina chumvi, na maji ya mfereji, ambayo yanatoka mbali kama Mzima na Baricho, hayajawahi kutosha mji. Nyumba ya maji ya chumvi ina watu, ndiyo, lakini wanaoga kwa maji hayo na kununua ya kunywa na ya kupikia kwa mtungi kutoka kwa mwenye mkokoteni. Mpangaji anahesabu hiyo kama sehemu ya kodi yake. Siku ploti ya jirani ikichimbiwa tangi na kuletewa maji matamu kwa bowza, wako wanahama kwa tofauti ya shilingi mia tano. Chumvi hiyo hiyo, ya majini na ya hewani, inakula mifereji, komeo, mabati na vyuma vya madirisha. Ile bajeti yangu ya marekebisho ya 7,000 niliiweka nikiwaza nyumba ya Thika. Karibu na bahari nisingeiamini.

Haya huyajui kwa kutembezwa saa nne asubuhi. Unayajua ukiamka saa kumi na moja alfajiri ukute majirani wamepanga mitungi.

Kuna jambo jingine la Pwani ambalo kwetu bara halipo, na hili ndilo linalonitia hofu zaidi. Kwetu ukinunua nyumba umenunua na udongo wake. Mombasa, hasa mitaa ya zamani kama Majengo, kuna nyumba bila ardhi. Nyumba ni ya mtu mmoja, ardhi ni ya mwingine, na mwenye nyumba humlipa mwenye ardhi kodi ya ardhi. Ni desturi ya miaka mingi, watu wamezaliwa na kuzeeka katika nyumba hizo, wameziuziana na kurithishana. Kwa hivyo mtu anaweza kukuuzia nyumba na asiwe tapeli hata kidogo. Nyumba ni yake kweli, majirani watashuhudia, mzee wa mtaa atashuhudia. Wewe tu ndiye uliyedhani unanunua na ardhi. Miaka miwili baadaye unataka kubomoa ujenge ghorofa, anakuja mtu hujawahi kumwona na kukuuliza nani amekupa ruhusa.

Dawa ya hili ni sachi, yaani upekuzi rasmi wa hatimiliki, kwa mtandao wa Ardhisasa au katika ofisi ya usajili wa ardhi, halafu kumpata yule ambaye jina lake limo mle. Kama nambari ya ploti haipatikani, au muuzaji anasema "hapa hatutumii hati, tunajuana," huenda kweli wanajuana. Wewe hawakujui. Na ukiambiwa bei ni nafuu sana kwa mtaa huo, uliza swali hili kwa maneno haya haya: naiuziwa nyumba, au nyumba na ardhi? Dalali mzoefu atajibu mara moja. Akianza kuzunguka, umeshajibiwa.

Jambo la tatu ni kumjua anayemlipa mpangaji wako. Watu huuliza "wapangaji ni kina nani" wakaambiwa "watu wa kazi," wakaridhika. Kazi gani? Agosti 2019 serikali iliagiza shehena za kwenda bara zisafirishwe kwa reli ya SGR, na Mombasa watu wakaandamana, kwa sababu madereva wa malori, mafundi, wapakiaji, mama wa chakula na wenye maghala wote walikuwa wanakula kwa barabara ile. Septemba 2022 rais mpya akatangaza siku ya kuapishwa kwamba huduma za kutoa mizigo zitarudi bandarini Mombasa. Fikiria ulikuwa na ploti Miritini au Changamwe katikati ya hapo. Hujaharibu chochote, nyumba yako haijapasuka ukuta, lakini agizo moja la Nairobi limeamua kama vyumba vyako vina watu. Kisauni na Bamburi hadithi ni nyingine, huko wengi wanategemea hoteli, na hoteli zina msimu. Likoni kodi inaonekana nafuu mpaka ukumbuke kwamba mpangaji anayefanya kazi kisiwani anapanga foleni ya feri kila asubuhi.

Kila mji una yake. Mwenye hosteli Kesses, karibu na Chuo Kikuu cha Moi, alikaa bila wanafunzi vyuo vilipofungwa Machi 2020, na tena chuo hicho kilipofungwa Oktoba 2024 wakati wa mgomo wa wafanyakazi. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji Agosti 2024 na bei za ardhi zikaanza kutajwa kwa sauti kubwa, lakini hadhi ya jiji hailipi kodi ya mwezi wa nne. Kisumu, mwaka 2020, Ziwa Victoria lilipanda mpaka maji yakaingia makazi ya ufuoni. Aliyepanga huko mwaka huo anajua maji yalifika jiwe gani. Anayenunua kwa picha za Januari hajui.

Shangazi yangu ndiye aliyenifanya niyafikirie haya yote. Alistaafu ualimu mwaka jana, na yeye na dada zake wawili waliamua kuunganisha kiinua mgongo, akiba za Sacco na pesa za shamba dogo waliloliuza. Hizo si pesa za kujaribia. Ana miaka sitini, hawezi kurudi darasani kuzitafuta tena. Walikuwa wameshaipenda ploti moja huko Kisauni kupitia picha. Nilipomwambia aende apange kwanza, alinijibu kama mwalimu: "Wewe mtoto wa juzi, utanifundisha mimi nyumba?" Sikujibu, maana shangazi hujibiwi hivyo. Lakini dada yake mdogo ndiye aliyesema, basi twende tupumzike Pwani miezi mitatu, si tumestaafu?

Wakapanga chumba kimoja Aprili hadi Juni, katikati ya mvua za masika, jengo la tatu kutoka kwa ile ploti. Wiki ya kwanza walijua bei ya mtungi. Wiki ya tatu walijua kwamba kati ya "vyote vina watu," vyumba viwili walikaa jamaa wa muuzaji ambao hawakuwa wakilipa chochote. Hakuna aliyefichua siri. Shangazi alikuwa akinunua mahamri asubuhi mahali pamoja na hao jamaa, na wao wenyewe walimsimulia, wakiwa na wasiwasi watahamia wapi ploti ikiuzwa. Mei wakaona choo cha nje kikifurika. Ploti hiyo waliiacha. Sasa wanajadiliana na mwenye nyingine, vyumba sita, ina tangi, na safari hii shangazi ndiye anayemtajia muuzaji kodi ya mtaa, si muuzaji kumtajia yeye. Bei imeshashuka mara mbili.

Wako watakaoniambia: hata nyumbani mtu huibiwa. Ni kweli. Tofauti ni kwamba nyumbani utasikia. Shemeji atakupigia simu, au binamu atapita aone kufuli limebadilishwa. Mji usioujua hauna mtu wa kukupigia mpaka uwe umeishi nao.

Hapo ndipo niseme kuhusu malipo kwa simu, kwa kuwa ndiyo kazi yetu hapa na sitaki mtu afikiri Paybill ni macho. Ni daftari zuri, basi. Kodi ikipitia nambari ya biashara, kila chumba kikiwa na jina lake la akaunti, A1, A2, B1, utajua nani amelipa, lini na kiasi gani, bila kumtegemea keateka akuhesabie noti. Ukisoma taarifa ya miezi sita utaona mengi. Chumba kilichokuwa kikilipa tarehe 3 kikaanza kulipa tarehe 11, kisha 19, kinakuambia mtu huyo atahama kabla yeye mwenyewe hajakuambia. Siku ya ushuru pia hutafuti karatasi: malipo yanatakiwa kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kwa mwenye kodi ya nyumba za kuishi kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka.

Lakini daftari linaandika kilicholipwa tu. Ujanja wa zamani zaidi wa nyumba za mbali ni chumba "tupu": keateka anakuambia B3 haina mtu tangu Februari, na B3 ina mtu anayempa yeye pesa taslimu kila mwezi. Paybill yako itaonyesha sifuri, sawa kabisa na chumba kilicho tupu kweli. Kinachoweza kukuambia tofauti ni mita. Agiza upigiwe picha ya mita ya umeme na ya maji ya kila chumba kila tarehe mosi, hata vile visivyo na mtu. Chumba tupu hakipiki. Na mpe kila mpangaji nambari yako wakati anasaini, umwambie kodi haipokewi mkononi na mtu yeyote, awe keateka awe ajenti. Ajenti mwenyewe awe amesajiliwa na bodi ya mawakala wa nyumba, uliza cheti.

Kisha amana ya kununua. Mazoea ya mauziano hapa Kenya ni asilimia 10, na hushikwa na wakili mpaka mambo yakamilike. Kwa ploti ya milioni 7 hiyo ni 700,000. Laini ya simu haiwezi kubeba zaidi ya 500,000 kwa wakati mmoja, na kutuma kwa mara moja mwisho ni 250,000. Ukiambiwa utume 700,000 kwa simu, vipande vipande, leo mbili na nusu, kesho mbili na nusu, "ili mwingine asikuwahi," pesa hiyo inaelekea kwa mtu binafsi na si kwa akaunti ya wakili. Usitume. Nasema hivi nikiandikia kampuni inayoishi kwa kutuma pesa. Mlipe kwa benki, baada ya kuona jina la wakili katika orodha ya chama cha mawakili, na baada ya sachi kurudi na jina la yule yule anayekuuzia.

Kodi ya chumba chako cha miezi mitatu, hiyo tuma kwa simu. Anza Aprili, ili Mei ikukute huko.